Konzi Mbili za Mboji

Soko lilikuwa limefurika saa sita ile ya mchana, na msusi alikuwa na dakika ishirini tu kabla mteja wake mwingine hajaketi kitini. Alivaa gauni la bluu, nywele zake za mistari kazibana kisogoni. Ndipo alipomwona kijana mmoja, shati limenyooshwa pasi mpaka kola, amechuchumaa chini ya meza ya mboga akiokota majani ya kabichi yaliyooza.

Moyo ukamuuma. Mtu mzuri vile! Akanunua kabichi zima, kubwa, akamnyooshea.

"Kaka, shika hili. Hayo yaache."

Kijana akaliangalia kabichi, akamwangalia yeye. "Asante, dada. Lakini wenyewe hawali vizuri mpaka lianze kuoza."

"Wenyewe kina nani?"

"Minyoo wangu."

"Una minyoo? Nenda hospitali, kaka, usione haya!"

Kijana alicheka hadi wauza nyanya wakageuka. Alikuwa fundi wa lifti, tena mwenye mshahara wake; juu ya paa la jengo analolihudumia alifuga minyoo kwenye ndoo. Wanakula mabaki, akaeleza, kisha wanatoa mboji nyeusi, laini kama kahawa iliyosagwa, na hiyo ukiitia kwenye udongo mmea unapata nguvu.

Msusi akaacha kutabasamu. "Hata mwaridi unaokufa?"

Maana nyumbani kwao, kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, kulikuwa na mwaridi wa marehemu mama yake. Kila asubuhi baba yake, mwalimu mstaafu, alitoka na kikombe cha chai akausalimia, "Umeamkaje, mama?" kama alivyomsalimia mkewe miaka thelathini. Sasa majani yalikuwa yamegeuka manjano, na mzee aliacha kuusalimia. Wiki ile alikuwa amesema, "Mwisho wa mwezi nautupa. Nimeshamzika mara moja, siwezi tena." Msusi akajiapiza kwamba mwaridi ule hautupwi, liwe liwalo.

Fundi akamletea mfuko wa mboji saluni. "Konzi mbili tu kuzunguka shina. Maji kidogo, kisha uuache upumue."

Akaacha na namba yake ya simu. Na ile namba, jamani, haikupumzika.

"Bwana Minyoo, umekula?"

"Minyoo wamekula. Mimi nilikuwa nangoja sauti yako."

"Maneno hayo unawaambia na wao?"

"Wao hawana masikio, roho yangu. Ndiyo maana nakwambia wewe."

Lakini msusi huyu, ninavyomjua, hajawahi kufanya jambo nusu. Ukimwomba mistari kumi na miwili, anakusuka ishirini. Konzi mbili za kumwokoa mama? Thubutu! Akamwaga mfuko wote, akaushindilia kwa viganja, akamwagia jagi zima la maji asubuhi na jingine jioni. Siku ya sita likaanguka jani la mwisho.

Akapiga simu analia. "Umeniulia mwaridi wa mama!"

"Pole, mpenzi. Hebu niambie, ulitia kiasi gani?"

"Mfuko mzima! Si ulisema inatia nguvu?"

Na fundi, badala ya kumeza mate, akacheka. Kicheko kilekile cha sokoni, ila safari hii kilimchoma.

"Baba hajatoka chumbani tangu jana, wewe unacheka? Usinipigie tena!"

Fundi akapiga mara tisa, hazikupokelewa. Kesho yake hakupiga, na msusi, aliyemkataza mwenyewe, akakasirika kwamba hakupiga. Wapendanao ndio hao, uwaambie nini.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi akamkuta baba yake mlangoni, amekumbatia chungu cha mwaridi, anatafuta viatu.

"Nipe, Baba."

"Umekwisha, mwanangu."

"Nipe, nakuomba." Akalikwaruza shina kwa ukucha. Chini ya ganda palikuwa bado na ukijani. "Unaona? Nipe wiki sita."

"Nne."

"Sita, Baba."

Mzee akamwachia chungu.

Kwenye jengo la fundi alikuta karatasi mlangoni mwa lifti: INATENGENEZWA. Ghorofa tisa! Akakibeba chungu begani, akapanda. Ghorofa ya tano akapumzika, maji ya tope yakimchirizikia gauni, akapanda tena. Fundi alikuwa juu, ndani ya ovaroli, mikono imejaa grisi. Alipomwona, spana ikamponyoka.

"Sikuja kwa ajili yako," msusi akasema akihema. "Nimekuja kwa ajili ya mwaridi. Niambie nilikosea wapi."

Fundi hakucheka. Akakipindua chungu, yakamwagika maji yenye harufu ya uvundo. "Mboji ikiwa peke yake inashika maji kama sponji. Mizizi ilikosa pumzi." Akajifuta grisi mikononi. "Na mimi nilikosea. Nilicheka kwa furaha ya kumpata mtu anayependa kwa mfuko mzima. Lakini wewe ulikuwa unalia. Nisamehe."

"Ungekuja kuniambia."

"Nilikuja mara mbili mpaka mlangoni pa saluni. Nikakuona na mkasi mkononi."

Msusi akacheka, machozi bado yapo. Wakakata mizizi iliyooza na matawi makavu. Wakachanganya makopo manne ya udongo wenye mchanga na kopo moja la mboji, wakiufikicha kwa mikono minne. Vidole vilipokutana humo ndani, hakuna aliyeharakisha kuvitoa.

Mwaridi ukarudi roshani, na wiki ya tatu pakatokeza jicho jekundu kwenye shina. Wiki ya tano kukawa na tumba. Msusi hakugusa jagi bila kuingiza kidole kwenye udongo kwanza. Mzee alikuwa akipita roshani akiuchungulia kwa pembe ya jicho, bila salamu.

Asubuhi ya Jumapili ya wiki ya sita, fundi akabisha hodi, shati limenyooshwa mpaka kola, mkononi ndoo mpya yenye kifuniko cha matundu.

"Ya nini hiyo?"

"Ni yako. Nimekugawia nusu ya minyoo wangu, usiwe unapanda ghorofa tisa."

Msusi akaiangalia ndoo, akamwangalia yeye. "Sikiliza, Bwana Minyoo. Watu wawili wakikaa nyumba moja, wakipika sufuria moja, mabaki yao yanatosha ndoo moja. Sasa mbili za nini?"

Fundi akaiweka ndoo chini. "Unaniposa?"

"Nakuposa. Una la kusema?"

"Ndiyo! Nasema ndiyo, roho yangu!"

Ndipo wakasikia kijiko kikigonga kikombe huko roshani, na sauti ambayo msusi alikuwa hajaisikia kwa miezi miwili.

"Umeamkaje, mama?" mzee alikuwa akisema taratibu. "Naona leo umechanua. Haya, tulia nikupe habari. Binti yako anaolewa na mtu wa minyoo."