Moshi Haukwenda Moshi

Haya, sogeeni karibu. Huyu ni Manka. Anakaa Arusha, na maswali hayamwishi mdomoni.

Kila usiku Bibi humwimbia Manka wimbo wa kulala. Ila Jumamosi, wapi! Bibi huimba mstari mmoja tu, halafu, "Kho! Kho! Kho!" Wimbo unakatikia hapo. Manka hulala bila wimbo, na roho inamuuma.

Jumamosi ndiyo siku Baba hukata majani. Ana mashine mpya, inakunywa petroli. Baba anaipenda hiyo mashine, acheni tu!

Jumamosi moja akavuta kamba. Tutu... tututu... TUTUTUTU!

Moshi ukatoka, puf, puf, puf. Ukapanda. Ukapinda. Ukapotea.

"Moshi, moshi, unakwenda wapi?"

Moshi haukujibu. Manka akapaza sauti. "Baba! Moshi unakwenda wapi?"

TUTUTUTU! Baba alisikia neno moja tu. "Moshi? Kwa shangazi!"

Lo! Kwa shangazi? Kumbe! Shangazi anakaa mji wa Moshi. Manka akamwonea huruma. Akakimbilia simu ya Baba barazani, akabonyeza picha ya shangazi.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole, shangazi. Moshi wetu umeshafika?"

"Moshi gani tena? Huku kweupe pe! Naona mlima mpaka kileleni."

Manka akakuna kichwa. Kama haujafika kwa shangazi, uko wapi?

"Moshi, moshi, umekwenda wapi?"

Akaufuata kwa pua. Akanusa shuka kwenye kamba, nf, nf. Linanuka petroli! Akanusa pazia la dirisha la Bibi, nf, nf. Nalo linanuka! Akachungulia ndani.

"Kho! Kho! Kho!"

Bibi alikuwa kitandani. Ameziba pua kwa khanga, na machozi yanamtoka.

Manka akatoka mbio. Akasimama mbali kidogo, akapunga mikono yote miwili. Baba akazima mashine. Kimyaaa.

"Baba! Moshi haukwenda Moshi! Umeingia kwa Bibi!"

Baba akatazama dirisha. "Na mimi siku zote nasema ni mafua," akasema. Akaingia ndani. "Mama, nisamehe."

Kisha akalitoa fyekeo la zamani stoo. Fye! Fye! Fye! Jasho likamtoka.

"Bado pale, Baba," Manka akasema.

"Pale wapi?"

"Na pale. Na kule."

"Jamani, mtoto huyu!" Baba akacheka. Fye! Fye! Fye! Uwanja wote ukanukia majani mabichi.

Usiku Bibi akakaa kitandani kwa Manka. Akaimba mstari wa kwanza. Manka akasubiri kho.

Hakuna kho!

Bibi akaimba mstari wa pili. Akaimba wa tatu. Jumamosi hii aliuimba wimbo wote, mpaka mwisho kabisa.

Lakini huo mwisho, Manka hakuusikia. Alikuwa ameshalala fofofo.