Besi Imepotea Matisi

"Ongea tu, Kiplagat. Edah hasikii, ako na headphone."

Edah alisikia kila neno.

Jumanne hiyo alikuwa amepiga magoti nyuma ya subwoofer, ile spika kubwa ya besi, sebuleni kwa Kimeli, hapo Matisi, waya kwa mkono mmoja na bisibisi kwa mwingine. Headphone ilikuwa kichwani, kweli, na ilikuwa imechomekwa kwa amplifaya, ile ndogo nyeusi inayoendesha spika na headphone pamoja. Ukichomeka headphone, spika zinanyamaza. Lakini hakukuwa na wimbo ndani ya hiyo headphone. Fundi anayejua kazi haanzi na wimbo, anaanza na kimya. Anafungulia sauti mpaka mwisho bila kucheza kitu, anashika pumzi, anatega sikio kama kuna stima inanguruma ndani ya waya. Na sponji za headphone yenyewe zilikuwa zimeisha zamani. Mtu akikohoa jikoni, unamsikia.

Kimeli hakujua hayo. Miaka miwili anapendana na fundi wa mziki, na hajawahi kumwuliza kazi yake inafanywa vipi.

"Jumamosi ni Viola," aliendelea kwa simu, miguu juu ya meza. "Baba yake anakuja na wazee wa Saboti saa sita, hapa hapa, waone kwangu kabla hawajanipa binti. Lazima wakute mziki wa maana. Nini? Bungoma? Ah, hao nitawatumia meseji, niseme gari imeharibika. Watu wa Bungoma wamezoea kungoja." Akacheka. "Edah ni mtu mzuri, lakini si wa kuoa, bana. Bibi wa kushika bisibisi? Wacha kwanza amalize kufunga hii mashine."

Hasira ilimpanda Edah kutoka magotini. Jumamosi hiyo hiyo ndiyo Kimeli alikuwa amesema ataleta wazee wake Bungoma, waje kumposa. Mama Phelista, mama yake, alikuwa ameshafunga kuku. Khocha Sifuna, kaka ya mama, alikuwa ameshaambia ukoo. Hata lile sanduku la subwoofer, Edah alikuwa amelipasua mbao mwenyewe, akalipiga gundi mwenyewe, ili lije kuwalilia siku ya harusi.

Angesimama amrushie bisibisi. Lakini alimjua Kimeli. Angecheka, angesema ni utani wa wanaume, na kufika jioni Edah ndiye angekuwa mwenye wivu.

Akavua headphone polepole.

"Umemaliza, babe?"

"Karibu. Jumamosi iko?"

"Iko kabisa. Saa nne tuko kwa mama yako."

"Na wazee wako wamekubali?"

"Si nilikuambia? Wewe una maswali kama askari."

Edah akarudi nyuma ya subwoofer. Pale nyuma kuna kaswichi kadogo, upande mmoja sifuri, upande mwingine mia moja na themanini. Ikiwa sawa, spika kubwa na ndogo zinasukuma pamoja. Ukiigeuza, ndogo zinasukuma na kubwa inavuta, na besi inakufa katikati, kama watu wawili wa msumeno wakivuta wote kwa wakati mmoja. Mbao haikatiki.

Akaigeuza.

"Usiwashe mpaka Jumamosi," akasema. "Gundi haijakauka. Na sikia, Kimeli. Simu yako imeshikana na amplifaya. Ukipiga simu, sauti ya yule mwingine itatoka kwa spika, nyumba yote isikie. Zima bluetooth kwanza, ama uchomeke headphone."

"Sawa, sawa."

"Nimesema nini?"

"Gundi," Kimeli akajibu, macho kwa simu, akitabasamu na meseji ya mtu.

Edah akakunja headphone yake, akaitia kwa mkoba, akatoka bila kuaga.

Kufika Bungoma alimwambia mama yake yote. Mama Phelista alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Tuwaambie wazee wasikuje?" Edah akauliza.

"Hapana. Ukisema wewe, watasema umemkataa kwa kiburi. Wacha aseme yeye kwa kinywa chake."

"Mama, nimeskia na masikio yangu. Nataka kurudi Matisi nivunje kila kitu."

"Utavunja sanduku lako ukibaki na nini? Kaa chini. Kuku watachinjwa. Chakula cha wageni hakikosi mgeni."

Jumamosi, wazee tisa walikuwa uani kabla ya saa tatu, viti vimepangwa, chai imewekwa. Simu ya Edah ikalia mlio wa meseji. Akaisoma kwa sauti, uso mkavu:

"Babe pole sana. Gari imeharibika hapa Kiminini. Waambie wazee tupange siku ingine. Nakupenda."

Khocha Sifuna ana sauti nene, sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Akaweka kikombe chini.

"Gari imeharibika, na katika watu wote hao hakuna hata mmoja ana miguu ya kupanda ingine?"

"Hajasema, khocha."

"Basi tutakaa. Mimi nimeoga kwa sababu ya huyu kijana. Sitarudi nyumbani hivi hivi."

Walikaa. Chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Saa saba kasoro, simu ikalia. Kimeli.

"Weka hiyo kitu nje, sote tusikie," Khocha akasema. Edah akaweka sauti juu.

"Edah, sasa? Sikia, haraka. Huu mziki hauna besi. Nimezungusha kila kitu. Unalia kama mbu kwa chupa, na niko na watu hapa."

"Uko Kiminini na subwoofer?"

Edah akashtuka. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imemrudia kutoka upande wa pili, kubwa, ikigonga kuta: *na subwoofer?* Akaelewa pale pale. Kimeli hakuzima bluetooth. Wazee wa Saboti walikuwa wanamsikia.

"Mbona unatoka kwa spika?" Kimeli alikuwa ananong'ona sasa.

"Nilikuambia Jumanne. Zima bluetooth ama uchomeke headphone."

"Headphone iko wapi?"

"Iko Bungoma. Kwa mkoba wangu."

Mzee mmoja uani akacheka kwa pua. Kule Matisi viti vilikwaruza sakafu, halafu sauti ya mwanamke ikaingia, karibu sana na simu.

"Leta, Kimeli. Nimesema leta hiyo simu. Haloo? Wewe ni nani?"

"Naitwa Edah. Ndiye nilifunga huo mziki. Na ndiye Kimeli alikuwa anakuja kuposa leo. Wewe ni Viola?"

"Ni mimi."

"Sikujua kama uko mpaka Jumanne. Sina neno na wewe. Neno langu liko na yeye."

"Viola, huyo simjui," Kimeli akasema kwa nyuma. "Ni mtu amekosea namba. Mziki nilifunga mwenyewe, si nilikuambia?"

"Amekosea namba na wewe ndiye umempigia?" Viola akarudi kwa Edah. "Sawa. Anasema amefunga mwenyewe na ameshindwa kutoa besi. Wewe unasema ni wewe. Basi niambie, besi ilienda wapi?"

"Nyuma ya spika kubwa, chini ya waya mwekundu, kuna kaswichi kadogo. Iko kwa mia moja na themanini. Niliigeuza mwenyewe, kwa hasira, siku nilimsikia akisema mimi si wa kuoa. Irudishe kwa sifuri."

Hatua. Sketi ikipita kando ya meza.

"Iko," Viola akasema. "Iko vile umesema. Nimeirudisha."

"Viola, wacha nikuelezee…"

"Kijana."

Alikuwa Khocha Sifuna. Ameinama juu ya simu, mikono magotini. Na kule Matisi besi ilikuwa imerudi. Neno lile moja lilienda likarudi nene mpaka simu ikatetemeka juu ya meza.

"Mimi ni Sifuna, kaka ya mama yake Edah. Desemba ulikula hapa kwa dada yangu, ukaniita khocha. Leo wazee tisa wamekaa tangu asubuhi. Kuku wako ameiva na firigisi yake. Sasa niambie, hiyo gari imeharibikia kwa nani?"

Kule Matisi kiti kilisogezwa.

Sauti nyingine ikaja, ya mzee, ya taratibu. "Mzee wa Bungoma, ni Kipkemboi, baba ya Viola. Sisi hatukujua."

"Najua hamkujua, mzee."

"Alituambia hana mtu. Ameomba mbele ya chakula, akasema hivyo hivyo na macho amefunga." Mzee Kipkemboi akavuta pumzi. "Edah, mama, hii spika kubwa ni ya nani?"

"Ni yangu," Edah akasema. "Sanduku niliunda mimi. Amplifaya ni yake."

"Basi amplifaya abaki nayo."

Simu ikakatika.

Edah alikuwa amesimama, na machozi aliyoyazuia tangu Jumanne yakatoka. Yalikuwa ya moto. Mama Phelista akampa ncha ya leso yake, akarudi jikoni kufunika sufuria.

Simu ikalia mlio wa meseji. Kimeli: "Edah umeniharibia maisha. Wote wameenda. Tafadhali tuongee, nakuja hapo saa hii."

Edah akafuta pua, akaandika: "Usije. Gari imeharibika."

Nusu saa ikapita. Meseji nyingine, namba ngeni: "Fundi, ni Viola. Sanduku lako liko kwa pickup ya baba. Tumepita Kamukuywa. Baba anasema msimwage chai."

Walifika jua likiwa bado juu. Mzee Kipkemboi na mzee mwenzake walishusha subwoofer wenyewe, wakaiinua kwa uangalifu kama mgonjwa, wakaiweka kivulini. Viola alisimama mbele ya Edah na viatu vyake vya sherehe vimejaa vumbi.

"Ati mbu kwa chupa," Viola akasema.

Edah akacheka.

Chakula kikaletwa. Huku Bungoma firigisi haigawanywi. Ni ya mwanamume mkubwa mezani, na siku ya posa ni ya mkwe. Mwanamke haigusi. Khocha Sifuna akaiweka mbele ya Mzee Kipkemboi, kwa sababu ndiye mgeni.

Mzee Kipkemboi akaitazama. Akasukuma sahani mbele ya Khocha. Khocha akaitazama naye, muda mrefu. Halafu akaisukuma tena, ikavuka meza yote mpaka mbele ya Edah.

"Khocha, hii si ya mwanamke."

"Ni ya yule tumekaa hapa kwa ajili yake," Khocha akasema. "Kula, mama. Inapoa."