Gome la Pande Zote

Siku hiyo ilianza vizuri tu. Jirani yetu seremala alikuwa kibandani akipiga randa, akimtania mteja kwamba mlango wake utaiaibisha nyumba yenyewe, mara mkewe akamwita kutoka ndani. Homa ilikuwa imempanda tena. Vidonge vya hospitali vilishagonga mwamba.

Akaenda kwa shangazi yake, mganga wa mitishamba, ambaye miguu ilimgomea na msituni haendi tena.

"Mti wenyewe utaujua kwa gome jekundu," shangazi alimwambia. "Bandua upande mmoja tu, upana wa kiganja. Kisha ukizibe kidonda chake kwa udongo. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, shangazi."

Yaliingia sikio hili yakatokea lile. Maisha yake yote amemenya magogo, na seremala akianza kumenya gogo haachi nusu. Isitoshe, alitaka dawa ya kutosha asije akarudi tena. Alipofika msituni akauzungushia panga, akauvua mti gome pande zote. Habari za udongo aliwaachia wazee.

Mkewe alikunywa, na jioni akaamka akapika. Seremala akajiona kidume.

Haikupita wiki.

"Mume wangu, nifungue mkanda. Unanibana."

"Mkanda gani? Mbona hujavaa mkanda?"

Akamfunua gauni. Ngozi ilikuwa imebanduka kiuno kizima, kumzunguka, kingo zake zimenyooka. Hapakuwa na tone la damu.

Nywele zikaanza kupukutika. Vidole vya mikono vikakauka. Miguu ilikuwa mizima kabisa.

Shangazi akaletwa, amebebwa. Alitazama kile kiuno kwa muda mrefu, kisha akanong'ona.

"Ulibandua upande mmoja?"

"Ndiyo."

"Usinidanganye."

Seremala aliinamisha kichwa. "Pande zote."

Bibi wa watu akaangua kilio. "Mti ukivuliwa hivyo, hufa kuanzia juu."

Seremala alikimbia msituni na ndoo ya udongo. Alipaka. Aliomba radhi. Mtu mzima, analia mbele ya mti. Majani makavu yakamdondokea mabegani. Aliporudi, vilio alivisikia akiwa bado njiani.

Walimzika mkewe ndani ya shuka nyeupe. Watu walimpa pole, naye akazipokea zote huku akijua hastahili hata moja. Uchungu ukageuka hasira. Siku moja mchana kweupe akabeba shoka, akaenda kuuangusha ule mti.

Aliukuta umevaa.

Shuka nyeupe ilizungushwa shinani, palepale alipopamenya. Fundo lilikuwa ubavuni kushoto, kama mkewe alivyozoea kufunga nguo. Pindo lilikuwa na udongo mwekundu wa kaburini, bado mbichi. Akaweka kiganja. Kulikuwa na joto.

Kitambaa kikapanda kidogo. Kikashuka.

Juu, matawi yalikuwa yamechipua.

Akaliweka shoka chini, taratibu, asimshtue. Kumuua mara moja kulimtosha.