Kigae Kiganjani mwa Emrys

Saa mbili asubuhi mchimbaji Emrys Gittins alikutwa amekufa ndani ya handaki la uchimbaji ngomeni, shingo imevunjika, kiganjani kashika kigae cha kijani cha jagi la kale. Aliyemkuta ni Dakta Merfyn Tegid, mkuu wa uchimbaji huo wa mambo ya kale. Alimweleza Inspekta Nerys Probert kuwa huenda marehemu aliteleza akichokonoa kigae hicho. Au alisukumwa, akaongeza, maana jana shemeji yake Dilwyn alimtishia kwenye baa, watu wakisikia.

Dilwyn alikuwa tayari kwenye gari la polisi, amefungwa pingu.

"Nilisema nitamvunja meno, afande. Meno, siyo shingo. Sasa hata dada yangu anaamini nimemuua mumewe."

Nerys akaenda kwenye banda la kuoshea vigae. Funguo anazo Merfyn peke yake. Mwenyewe alieleza kwa fahari kwamba kila kigae husuguliwa kwa mswaki, hasa pale kilipovunjikia, la sivyo gundi haishiki.

Nerys akakigeuza kigae cha marehemu. Usoni kilikuwa na tope. Kingo zilikuwa nyeupe, safi kabisa.

Akashuka tena handakini kulinganisha tope, Merfyn akimshikia ngazi. Mvua ilikuwa imemomonyoa kuta, na kila bonge lilipodondoka aligeuka kutazama.

"Dakta, hiki kimekaa ardhini muda gani?"

"Miaka mia saba."

"Mbona kingo zimeshaoshwa? Kimetoka bandani kwako."

Ngazi ikaanza kupanda, Merfyn akiivuta. Nerys alikidaka kipago cha mwisho, kikamponyoka. Akabonyeza redio kifuani na kuiacha wazi.

"Emrys alikuona ukifanya nini?"

"Nikifukia vigae vya ngome nyingine, nije nivivumbue hapa," Merfyn alisema taratibu. "Angeniharibia jina langu lote. Nilimsukuma tu. Kigae nilimwekea baadaye, nikakipaka tope." Akaukanyaga ukingo. Udongo ukamfunika Nerys hadi magotini. "Ukuta huu hauna mbao za kuuzuia, Inspekta. Watasema mvua."

Udongo ulimfika kiunoni ndipo aliposikia vishindo, na Merfyn akiguna chini ya uzito wa konstebo aliyekuwa akisikiliza redio garini.

Ngazi ikarudi. Aliyeishusha ni Dilwyn, mikono imefunguliwa. Alishuka mwenyewe kumfukua.

"Naweza kwenda kwa dada sasa?"

"Nisubiri twende wote," Nerys alisema, akijipangusa udongo. "Mimi ndiye niliyemwambia dada yako kuwa ni wewe."