Alama Kwenye Koti la Fundi

Rafiki yangu, fundi wa lifti, aliingia chini ya shimo la lifti asubuhi moja bila kuzima swichi kuu. Taa ikazimika. Gizani akasikia nyaya zikilia: lifti ilikuwa ikishuka. Mkono ukamshika bega, ukambana ukutani. Lifti ikapita, ikikwaruza vifungo vya koti lake.

"Shemeji yako huniombea malaika wanilinde," aliniambia. "Mungu hamtupi mja wake, ndugu yangu."

Nilimwonea wivu. Mimi nilimwombea mke wangu miezi saba akiugua, nikiushika mkono wake uliokatwa kidole cha shahada zamani na mashine ya kiwandani. Nikamzika.

"Huamini? Tazama!"

Akanigeuzia bega. Alama ya grisi ilikuwa na vidole vinne. Mahali pa kidole cha shahada palikuwa patupu.