Kilichosogea Chumbani kwa Mtoto

Chumba kilikuwa kimetulia tuli, mtoto kalala fofofo, lakini picha zilizidi kumiminika.

Hapo ndipo baba mtu alipoanza kukunja uso. Programu aliiandika mwenyewe, kwa kuunganisha vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na wataalamu wengine. Kazi yake ni kuingia kwenye kamera ya nyumbani kupitia mtandao, kupiga picha ya kitanda cha mtoto na kuilinganisha na iliyotangulia. Kama hakuna kilichosogea, inaitupa. Ikiona kimesogea kitu, ndiyo inamletea picha kwenye skrini yake ya ofisini.

"Kamera ya bei chee hiyo, inaona hadi mbu," jirani yake wa meza alimtania. "Au unamchunga mama mtoto?"

Akacheka kidogo. Picha nyingine ikaingia, kicheko kikakatika. Pembeni mwa kitanda palikuwa na mwanamke ameinama, kavaa gauni la mkewe, nywele zimemfunika uso, na miguu yake haikufika sakafuni.

Akapiga simu nyumbani.

"Uko wapi?"

"Jikoni," mkewe akajibu. "Kwani vipi?"

"Ongea taratibu. Nenda kwa mtoto."

Akasikia kandambili zikiburuzwa koridoni, kisha mlango.

"Nimefika. Amelala. Mbona humu mnanuka nywele zilizoungua?"

"Uko peke yako?"

"Mume wangu, unanitisha."

"Mchukue mtoto utoke nje. Usiniulize kitu, toka tu."

Akamsikia akihema, akasikia kitanda kikilia, mlango wa mbele ukibamizwa na honi za barabarani zikijaa kwenye simu, na yeye huku, umbali wa mabasi mawili kutoka nyumbani, hana la kufanya ila kukodolea macho skrini akiomba picha zikome, maana chumba kitupu hakisogei. Lakini picha ikaja, na ndani yake mkewe anatoka mlangoni, mikono kaikunja kifuani kama aliyepakata kitu, na hajapakata kitu, na mtoto wao yuko palepale mikononi mwa yule mwanamke, analia mdomo wazi, macho kwenye kamera.

"Tumeshatoka," mkewe akanong'ona. "Ninaye hapa, ametulia. Ila mbona amekuwa mzito hivi?"

Aliogopa, jamani, woga wa kukausha mate. Amwambie amtupe? Na kama kamera ndiyo inayodanganya, si atakuwa amemuua mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe? Amwambie arudi ndani? Kwa yule?

"Mbona kimya? Haya, ongea naye mwenyewe," mkewe akasema, akamsogezea simu mtoto.

"Baba," sauti nyororo ikaita, ya mtoto ambaye hata jino hajaota. "Zima hiyo kamera."