Unga Mweupe Kwenye Uji Wangu

Nilimshika mke wangu mkono ukiwa juu ya kikombe changu cha uji.

Alikuwa ameshika kijiko. Kwenye kijiko kulikuwa na unga mweupe... na haukuwa sukari!

"Kalunde, hiyo ni nini?"

Alijaribu kuuvuta mkono.

"Nimekuuliza hiyo ni nini!"

Kijiko kilimponyoka, kikagonga figa la jiko, unga ukamwagika kwenye majivu.

Wapendwa, naitwa Kivuva. Nina miaka themanini na kitu, na anayebonyeza hii simu ni mjukuu wangu Muthoki, maana kidole changu kimoja kinagusa herufi tatu kwa mpigo. Ameniambia nianze na pale pazito msije mkanipita. Haya, pazito ndipo hapo. Ilikuwa mwaka 1986, Zombe, huko Kitui, saa moja asubuhi, na mimi niliamini kabisa kwamba mama wa watoto wangu ananiua.

Sasa nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa na duka la nafaka pale sokoni. Ndengu, mbaazi, mahindi. Kwa karibu mwaka mzima kifua kilikuwa kinanisumbua. Hapa katikati. Kinawaka, kinabana, halafu kinaachia. Mara nyingi kilinishika kabla ya chakula cha mchana, nikiwa nimeshindia chai ya rangi tu. Nilikuwa nainamia mizani, najifanya natafuta kitu chini, mpaka kipite.

Sikumwambia mtu yeyote. Lakini mke unayelala naye utamficha nini?

"Baba Ndolo, twende hospitali."

"Ya nini?"

"Hicho kifua."

"Ni magunia tu. Nilibeba vibaya."

"Gunia gani linauma mwaka mzima?"

"Kalunde, wachana na mimi!"

Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa nimemuoa Kalunde miaka kumi na minane, nilikuwa mzee wa kanisa, watu waliniheshimu, na niliogopa kama mtoto.

Baba yangu, mzee Ndululu, alishikwa na kifua hivyo hivyo mwaka 1961. Alienda hospitali kwa miguu yake, kofia kichwani, akituambia tusisahau kuwanywesha mbuzi. Siku ya tatu tulimrudisha amefungwa kwa blanketi. Alikuwa na miaka arobaini na nne.

Na mimi, mwaka huo wa 1986, nilikuwa na arobaini na nne!

Kichwani mwangu hospitali ilikuwa mahali mtu anapoenda kuambiwa siku yake ya kufa. Usipoenda, hakuna wa kukuambia. Nikajiona mjanja sana.

Basi tukakaa hivyo. Kalunde alinibembeleza mara tatu, mara nne, halafu akaacha. Nilifurahi. Nilidhani amechoka na mimi.

Mwezi wa tatu mambo yakageuka.

Nikaanza kuwa na kiu ya ajabu. Nakunywa maji, nakojoa. Nakunywa, nakojoa. Mteja ananiuliza bei ya ndengu, mimi huyo mbio chooni! Ndugu yangu Musyoka, aliyekuwa na kibanda cha cherehani mkabala na duka langu, alianza kunihesabia.

"Hiyo ni ya tisa leo, Kivuva."

"Fanya kazi yako."

"Nafanya. Lakini naona."

Nguvu zikaniisha. Chakula nikikitazama natapika. Halafu likaja lile lililonitisha kabisa... nikaanza kuona manjano! Unga mweupe wa mahindi, naona manjano. Jumapili moja tukiwa kanisani nikamnong'oneza Kalunde.

"Pasta siku hizi anavaa shati la njano?"

Alinigeukia, akaniangalia machoni.

"Ni jeupe, Baba Ndolo," akasema.

Kesho yake uji wangu ulikuwa mchungu kuliko siku zote.

Wiki hiyo hiyo Musyoka akaniita pembeni.

"Mke wako huenda Kitui mjini kufanya nini kila mwezi?"

"Anauza vyondo, vikapu vyake."

"Mwezi uliopita nilimwona steji huko Kitui. Mikono mitupu. Amevaa ile rinda ya kanisa."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo wewe unakonda na yeye anavaa. Fungua macho, ndugu yangu."

Jamani, maneno haya yaliniingia. Usiku kucha niligeukageuka. Asubuhi nikaaga kama naenda dukani, nikazunguka nyuma ya ghala, nikarudi hadi mlango wa jikoni. Nikamkuta na kijiko.

Haya, turudi hapo jikoni.

"Ni dawa," akasema. "Ni dawa ya hospitali. Nilikuchukulia."

"Hospitali gani inapea mtu dawa na mgonjwa hajafika?"

"Ngoja nikuonyeshe..."

Alitoa kopo la majani chai lililokuwa limefichwa nyuma ya mtungi. Ndani kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe, vingine vimesagwa, na kadi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua. Mwandiko wa daktari sikuuelewa, lakini jina nililisoma vizuri.

Kalunde, mke wa Kivuva. Miaka 37.

"Hii ni jina yako!"

"Ndiyo, lakini..."

"Ati dawa yangu, na jina ni yako? Unaniona mjinga?"

"Baba Ndolo, nisikilize kwanza..."

"Nani alikutuma? Sema! Ni mwanamume gani huko Kitui?"

Alikuwa anahema kama aliyekimbia kutoka mtoni. Alishika ukuta. Mimi nikaona hiyo ni pumzi ya mwizi aliyeshikwa. Leo nikikumbuka ile pumzi nataka kujipiga makofi.

Nikamwambia aende kwao. Siku hiyo hiyo.

Hakupiga kelele. Alifunga leso moja, akamshika mwanetu Ndolo kichwa, akanong'ona kitu sikukisikia. Kwao ni Salama, kule kando ya barabara ya Mombasa, safari ya siku nzima na zaidi. Nilimtazama akipanda kile kilima kidogo cha kwenda barabarani. Alisimama mara tatu. Nilifikiri anangoja nimwite.

Sikumwita.

Sasa sikilizeni, nyinyi werevu mnaosoma. Siku kumi baadaye, kiu ikaisha. Nikaacha kukimbia chooni. Chakula kikapita. Na siku moja nikafungua gunia la unga... ukawa mweupe pe!

Nilipona!

Kifua kilibaki na uchungu wake wa zamani, lakini yale mengine yote yalitoka naye. Ushahidi gani zaidi ya huo? Hata Musyoka alinipigia makofi.

"Si nilikuambia? Sasa peleka hiyo kopo polisi."

Nikaona polisi watataka karatasi. Daktari aandike kwamba hii ni sumu, apige muhuri, ndipo niende polisi nikiwa kamili. Na hivyo ndivyo mimi Kivuva, niliyekataa hospitali mwaka mzima, nilivyojipeleka hospitali mjini Kitui kwa miguu yangu... kwenda kumfunga mke wangu.

Daktari alikuwa anaitwa Gicheru, mtu mfupi wa kutoka Murang'a, miwani imefungwa kwa uzi. Nikaweka kopo na kadi mezani.

"Daktari, nataka uniandikie kwamba hii ni sumu."

Hakugusa kopo. Alichukua kadi, na uso wake ukabadilika.

"Kalunde ako wapi?"

"Unamjua?" Damu ikanipanda. Nikajua huyu ndiye mwanamume mwenyewe!

"Alitakiwa kuwa hapa wiki mbili zilizopita! Ako wapi?"

"Nimemrudisha kwao. Alikuwa ananiwekea hiyo kitu kwa uji."

"Anakuwekea wewe?"

"Mimi."

"Ulikuwa unakojoa sana?"

Nikashtuka. "Ndiyo."

"Unatapika? Unaona vitu vya manjano?"

"Umejuaje?!"

Alivua miwani, akafunga macho. Nikadhani anaomba.

"Mzee, hizi ni dawa za moyo na za kutoa maji mwilini. Ungezimeza mwezi mwingine, wangekuzika. Na zilikuwa za mke wako."

"Mke wangu hana shida ya moyo. Mwenye kuumwa na kifua ni mimi."

Akaanza kunisomea ile kadi, kidole kikifuata mstari.

"Mgonjwa anasema kifua kinawaka na kubana, karibu mwaka. Huja zaidi mchana. Anaogopa sana hospitali. Anasema baba yake alikufa kwa kifua mwaka 1961, akiwa na miaka arobaini na nne."

Nikamnyang'anya kadi, nikaitazama mwenyewe.

Baba yake Kalunde alikuwa hai. Mwezi uliopita tu alikuwa amenitumia salamu na debe la asali!

Huyo baba aliyekufa alikuwa wangu. Kifua kilikuwa changu. Ile hofu ilikuwa yangu. Kalunde alivaa rinda la kanisa, akaketi kwenye hiki kiti, akasema maumivu yangu neno kwa neno kana kwamba ni yake, ili apewe dawa aniletee, kwa sababu mimi nilikataa kuja.

"Basi si yeye anayeumwa," nikasema. "Alikuwa anasema yangu."

"Alisema yako," daktari akajibu polepole. "Lakini kifua nilichosikiliza kilikuwa chake. Moyo wake una milango ya ndani isiyofunga vizuri, mzee. Una sauti ambayo hata mwanafunzi angeisikia. Hivi vidonge ndivyo vilikuwa vya kumshikilia, na hajameza hata kimoja."

Nikakumbuka mambo. Mwaka huo mtungi wa maji alikuwa anautua mara tatu kutoka mtoni, watoto wakimcheka. Nikakumbuka pumzi ile jikoni. Nikakumbuka kile kilima...

Ngai wakwa, Mungu wangu!

"Lala hapa haraka," daktari akaniambia. Alinibonyeza juu ya tumbo, nikaruka. Akaniuliza kama kifua kinawaka nikiwa na njaa, kama kinatulia nikila. Akanisikiliza moyo, akanipeleka kupigwa picha. Jumla haikufika saa moja.

"Moyo wako mzima. Hivi ni vidonda vya tumbo. Kula chakula kwa wakati, punguza hiyo chai, utafune hivi."

Vilikuwa vidonge vya kutafuna, vina ladha ya mnanaa. Mwaka mzima wa kuogopa kufa, na dawa yake ni peremende!

Nilipata lori la ndengu la mtu ninayemjua, linapita Machakos kuelekea barabara ya Mombasa. Nilifika Salama kesho yake saa nne asubuhi, kopo limo kwapani.

Kwetu Ukambani mwanamume haingii ovyo nyumba ya mama mkwe. Unasimama mbali, unaita, unatazama chini. Mama mkwe wangu, Mama Ndila, alitoka akasimama mlangoni.

"Mwaitu, mama, Kalunde ako wapi?"

"Si wewe ulimrudisha? Umerudi kuchukua nini?"

"Mwaitu, nimekosa. Nimekosa sana. Nionyeshe yeye."

Hakusogea. Nikainama, nikapita chini ya mkono wake, nikaingia. Miaka kumi na minane, mara ya kwanza.

Kalunde alikuwa ameketi kitandani, ameegemea gunia, kwa sababu akilala pumzi inakatika. Miguu ilikuwa imevimba mpaka inang'aa. Midomo imekuwa ya bluu. Alinitazama muda, kama anayehakikisha ni mimi. Halafu akaniuliza... jamani, Muthoki, andika pole pole...

"Baba Ndolo. Kifua chako kinaendeleaje?"

Nilianguka magotini nikalia mbele ya mama mkwe wangu.

"Ni tumbo, Kalunde. Ni vidonda vya tumbo tu."

"Tumbo?"

"Tumbo."

Alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo mpaka kikatulia.

"Daktari hakukuambia moyo wako ni mbaya?" nikamuuliza.

"Aliniambia. Nikafikiri anasema wako."

"Na huko kuhema?"

"Nilidhani ni mtungi umekuwa mzito." Akapumzika kidogo. "Ulipoanza kuona manjano nikakuongezea. Niliogopa utakufa."

Dereva wa lile lori alikubali kugeuza. Mama Ndila alipanda nyuma akamshikilia binti yake njia nzima, na hakunisemesha mpaka hospitalini. Sikumlaumu. Kalunde alilazwa wiki tano, akatoka. Daktari alisema angekuja mapema, moyo ungekuwa na nguvu zaidi. Alimeza vidonge vyake kila asubuhi, mimi nikiwa nimesimama hapo na kikombe cha maji, kwa miaka tisa. Alifariki mwaka 1995. Muthoki hakuwahi kumwona nyanya yake.

Musyoka aliniomba msamaha. Nilimsamehe, maana yeye alisema tu. Mimi ndiye niliyefukuza.

Ile kadi bado ninayo. Imechanika kwenye mikunjo, lakini inasomeka. Ugonjwa ulioandikwa mle ni wangu, jina ni lake.

Najua kuna mtu anasoma hii huku amejishika kifua, anajiambia ni gesi, ni baridi, ni gunia. Labda ni gesi kweli. Nenda ukaambiwe ni gesi. Na usimtume mtu, kwa sababu daktari atakisikiliza kifua kilicho mbele yake.

Halafu yule anayekusumbua kila siku uende hospitali, usiende bila yeye. Mkifika, mwambie daktari ampime yeye kwanza.